Mchezo Usiohesabu Mabao

Sogeeni, na mwenye usingizi akae mbele. Palikuwa na ndugu watatu, watoto wa Mzee Haji Ussi wa Mlandege, Unguja. Khatibu alikuwa fundi redio. Chombo kikimfia mtu, yeye hukifufua. Raya alijua kuomba. Nyumba aliyobisha hodi hakutoka mikono mitupu. Shaibu, kitindamimba, hakuwa na ufundi wowote ila kukumbuka.

Mama yao, Bi Mafunda, alikuwa kwenye eda. Mwezi wa pili huo amekaa ndani, na hajalia hata mara moja. Watu walimsifu kwa subira. Mwenyewe alijua si subira. Hakuhisi kitu, hata chumvi ya mchuzi.

Juu ya kabati lake palikuwa na mashine ya mchezo. Miaka ile televisheni ya rangi ilipoingia Unguja, mgeni mmoja aliyekuja kufunga mitambo alimwachia Mzee Haji mashine hiyo wakati akirudi kwao. Kisanduku cheupe, vishikio viwili vyenye vifundo vya kuzungusha, na kadi ya kuchomeka. Ukiiwasha, nukta nyeupe inakwenda na kurudi kwenye televisheni. Haina sauti, wala haihesabu mabao. Mzee Haji na mkewe walihesabu wenyewe kwa kokwa za tende, na kila Ijumaa walizozana. Kisha kadi ikapotea, mchezo ukafa. Mzee aliitafuta mpaka akachoka. Kabla ya kufariki alisema, "Atakayeiwasha tena, iwe yake." Watoto wote waliridhia.

Khatibu akaja kutoka Dar es Salaam. Alipoifungua alikuta betri sita zimevuja na waya zimeliwa na kutu. Akakwangua, akasugua kwa siki, akalehemu waya mpya siku tatu nzima. Lau si yeye, kisanduku kingebaki pambo.

Raya akaja kutoka Wete, Pemba. Televisheni za siku hizi ziliikataa mashine, basi akazunguka mtaa kwa mtaa mpaka Bububu, akaikuta moja ya zamani imewekewa chungu cha maua juu. Mwenyewe hakutaka kuitoa. Raya alikunywa chai pale siku mbili, mpaka mwenyewe akachoka naye. Lau si yeye, nukta isingekuwa na pa kuonekana.

Shaibu hakuja kutoka kokote, maana anaishi hapo hapo na mama. Aliingia chumbani kwake, akarudi na kadi, akaiweka mkekani.

"Umeipata wapi?" Raya akauliza.

"Niliificha mie. Nilikuwa na miaka saba. Walikuwa wanacheza wao wawili tu, sisi hatugusi. Halafu nikaogopa kusema."

"Baba anaitafuta, nawe unamtazama?"

"Namtazama."

"Basi wewe huna lako hapa," akasema Khatibu.

"Haya, kaka. Iwashe bila ya kadi."

Bi Mafunda aliwasikia kama watu wa nyumba ya pili. Aliingoja hasira, haikuja.

Wakaiwasha. Nukta ikatokea. Bi Mafunda akashika kifundo, mkono ukakumbuka wenyewe, na nukta ikavuka kwenda upande wa pili. Kishikio cha pili kilikuwa mkekani, hakuna aliyekigusa. Nukta ikapita moja kwa moja. Akaokota kokwa ya tende kwenye sahani, akaiweka upande wake, kisha akangoja kidogo, kama alivyozoea. Hakuna aliyembishia. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na hakuyafuta.

"Mama," Khatibu akasema taratibu, "ni ya nani?"

Akimpa Khatibu, itakwenda Dar es Salaam. Akimpa Raya, itavuka kwenda Pemba. Akimpa Shaibu itabaki pale kabatini, na hilo ndilo alilolitaka kuliko chochote. Lakini Shaibu ndiye aliyewaibia Ijumaa zote zile, yeye na mumewe. Akaogopa kwamba akimtaja Shaibu, si haki itakayomsemesha, ni upweke.

Bi Mafunda bado hajajibu, na watoto wake bado wamekaa pale mkekani wanamtazama. Fundi, mwombaji, na mwizi aliyerudisha. Je, wewe uliyesikiliza, ungekuwa mama huyo, kisanduku ungempa nani?