Mnara Usio na Kivuli wa Hajarani

Katika zama zilizopita, kwenye mji wa Hajarani uliojengwa juu ya jabali jekundu, alitawala Sultani Muntasiri bin Faruku, mtu wa sauti ya upole na kumbukumbu ndefu, na mji wake ulikuwa ngome ambayo hakuna jeshi lililowahi kuiingia, na misafara ilitoka nchi za mbali kuja kuutazama tu. Wageni walipitishwa kwanza kwenye kuta tatu, moja ndani ya nyingine, na ukuta wa nje ulikuwa mpana hata farasi sita waliweza kupita juu yake sambamba. Kisha walioneshwa Lango la Shaba, lililojifungua lenyewe alfajiri na kujifunga magharibi bila mkono wa mtu, na birika lililochongwa ndani ya mwamba, ambalo mtu akisema neno ukingoni lilimrudishia neno lile kwa sauti ya marehemu wake. Na mwisho, wakiwa wamechoka kustaajabu, walipelekwa kwenye Mnara Usio na Kivuli, uliosimama juani mchana kutwa na ardhi ya pembeni yake ikabaki nyeupe kama sahani. Mbele ya mnara huo wafalme walivua vilemba.

Basi Sultani alikusudia kuandikiwa kitabu cha tarehe ya mji, yaani habari zake tangu kale, na maajabu yake, kisomwe mbele ya wafalme jirani siku ya kutimiza miaka thelathini ya enzi yake, na kazi hiyo akampa Idarusi bin Haithamu, mwandishi wa baraza, aliyekuwa na hati nzuri kupita wenzake wote. Na wakubwa walijifanya wamesahau alikotoka. Kwa maana mama yake, Bi Zuwena, muuza mikate ya mofa karibu na Lango la Shaba, alikuwa binti wa mwashi Salmini, na Salmini alikuwa mmoja wa waashi arobaini ambao, ilivyosemekana, waliuza siri za ngome kwa maadui na kutoroka zama za Sultani Faruku. Watu walinunua mikate ya Bi Zuwena kwa kuwa ilikuwa mitamu, lakini mkono hawakumpa, na tangu umri wa miaka saba hakuwahi kualikwa arusini wala matangani.

Idarusi akazunguka mji mzima akipima na kuuliza na kuandika, hata siku moja wakati wa alasiri akaingia chumba cha chini cha mnara, ambacho walinzi walikipita bila kukitazama. Sakafuni palikuwa na pete ya chuma iliyokazwa kwenye jiwe. Akaishika ili aipime, na chumba kikajaa moshi wa rangi ya majivu, na katikati yake akainuka jini mwenye kifundo cha mguu kilichofungwa kwenye pete ile.

"Ewe binadamu," akasema jini, na hakuwa na hasira bali uchovu, "naitwa Barkashi, na aliyenifunga aliniamuru nimjibu mtu wa damu yao peke yake, akijua wa damu yao hawataruhusiwa kufika hapa. Uliza."

Idarusi akauliza, "Damu ya kina nani?"

Jini akaupangusa ukuta kwa kiganja, na jiwe likawa kama maji ya kisima, na ndani yake Idarusi akawaona watu arobaini wamesimama bega kwa bega, mwingine ameshika mwiko, mwingine timazi, macho wazi, vumbi la chokaa kwenye kope zao. Na wa tatu kutoka mlangoni alikuwa na paji la uso la mama yake.

"Mnara huu ulianguka mara nne," akasema Barkashi. "Sultani Faruku akanikamata kwa maneno ya azima, akaniamuru niusimamishe, na akaniambia nichukue nitakacho. Sikutaka kitu. Ni yeye aliyesema, 'Wachukue waliojenga, wasije wakamjengea mwingine kama huu.' Kisha akatangaza kuwa wametoroka. Kinachosimama juu ya ardhi kina kivuli. Huu umesimama juu ya vifua vya watu."

"Na wewe utafunguliwa lini?"

"Siku mtu wa damu yao atakaposoma majina yao mbele ya kadamnasi iliyokusanyika kumsikiliza. Pete itakatika, nami nitawatoa na kuwalaza udongoni, wameelekea kibla. Mnara utaanguka. Kuta zitabaki, na mji utabaki."

Akamtajia majina arobaini, na Idarusi akayaandika yote.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake anapepeta unga, akamweleza yote na kumsomea majina. Bi Zuwena akaweka ungo chini taratibu.

"Amevaa nini?" akauliza.

"Kikoi cha mistari ya buluu, mama. Kimeshonwa kiraka ubavuni."

"Kiraka alikitia mama." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Soma, mwanangu. Hata wakikufukuza. Soma nisikie jina lake linatajwa na watu wakiwa kimya."

Idarusi akamwapia kuwa atasoma.

Lakini kitabu kilipitia kwanza mkononi mwa Sultani, na baada ya siku tatu Idarusi akaitwa faraghani. Sultani akamkalisha karibu yake, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Kitabu chako kimenifurahisha," akasema, "nacho kina ukurasa mmoja uliozidi. Sisemi ni uongo. Marehemu baba yangu aliniambia mwenyewe. Lakini fikiri, Idarusi. Wafu hawasikii. Mnara ukianguka, misafara itakwenda kutazama kingine, na baba yangu atalaaniwa kaburini. Ukurasa ule ukitoka, nitakuoza binti yangu Nuzha, nitakupa uwaziri na nyumba ya bustani, na nitatangaza msamaha kwa kizazi chote cha waashi. Mama yako atapewa mkono na kila mtu. Je, si hilo alilolilia maisha yake yote?"

Idarusi akatazama kahawa yake. Akajiambia kuwa mama amezeeka na anahitaji raha, na kwamba heshima ni heshima, itoke mlango wowote. Tena alikuwa amewahi kumwona Nuzha mara moja, akipita barazani. Akauchomoa ukurasa ule kwa mkono wake.

Siku ya sherehe wafalme wakaketi na watu wakajaa uwanjani, na Bi Zuwena akaja amevaa kanga mpya, akasimama mbele kabisa. Idarusi akasoma juu ya kuta, na lango, na birika, na alipofika kwenye mnara akasoma kwamba waashi arobaini waliusaliti mji na kutoroka, na kwamba Sultani Muntasiri, kwa huruma yake, amewasamehe watoto na wajukuu wao. Watu wakashangilia. Bi Zuwena akaitwa aje kubusu mkono wa Sultani.

Akaja, lakini hakuinama. "Nimesamehewa kosa gani, maulana?"

"Kosa la baba yako, mama," akajibu Sultani.

Akamgeukia mwanawe. "Msomaji," akasema, "rudia hapo uliposoma. Masikio yangu ni ya kizee."

Na Idarusi, mbele ya watu wote, akarudia. Bi Zuwena akasikiliza hadi neno la mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia, akaondoka. Chini ya mnara hakuna pete iliyokatika.

Idarusi akamwoa Bibi Nuzha kwa arusi ya siku saba, akawa waziri, na mali yake ikawa nyingi. Mara tatu alipeleka watu kumchukua mama yake akae nyumba ya bustani, na mara tatu walirudi na mkate wa moto na salamu za kuwashukuru wao waliotumwa. Kisha Bi Zuwena akaacha kuoka. Kila siku alikwenda kukaa chini ya mnara, kwenye ile ardhi nyeupe, akiwageukia wageni na kutaja majina arobaini kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa hakuyasoma mbele ya kadamnasi iliyokusanyika kumsikiliza bali mbele ya wapita njia waliomcheka, pete haikusikia. Waongozaji wa wageni wakaanza kumwonesha pamoja na maajabu mengine.

Mwaka wa tano akaja mfalme wa nchi ya kusini, na waziri Idarusi mwenyewe akamtembeza. Walipofika mnarani mfalme akasimama.

"Na ajuza huyu ni nani, anayesema peke yake?"

Idarusi akatazama pembeni. "Mwehu wa mji, maulana. Hana mtu."

Bi Zuwena alikuwa amefika jina la arobaini. Kwa kawaida hapo alinyamaza na kuanza upya. Siku hiyo alinyoosha kanga magotini, akaongeza la arobaini na moja: "Na Idarusi bin Haithamu." Kisha akaanza tena na Salmini.

Hivyo ndivyo yalivyokuwa Hajarani. Na ninyi mlioketi kusikiliza, mkipita siku moja mbele ya jengo kubwa na mkaambiwa mstaajabu, staajabuni, lakini ulizeni kwanza waliolijenga walizikwa wapi.