Bwawa Pana la Ndahani

Mtu mmoja, jina lake Ndahani, aliwekwa kuwa mlinzi wa bwawa katika nchi kavu. Vijiji vyote vya jirani vilikunywa humo, watu na mifugo. Kila kiangazi Ndahani alipiga ngoma, na watu wakaja na majembe na karai kuzoa tope lililoletwa na mvua zilizopita. Kazi ilikuwa chafu, lakini hakuna aliyeikataa, maana kila mmoja aliijua kiu.

Kisha wageni wa mjini wakaanza kuja. Walipenda kuogelea na kupanda mitumbwi, na kila Jumapili nyama choma ikanukia ukingoni. Ndahani akaona haya kuwachafulia maji. Akasema moyoni kwamba tope litazolewa mwakani. Mwaka uliofuata ukafika, akasema vilevile. Wanakijiji nao hawakuuliza. Nani hupenda kuitwa matopeni? Tena bwawa lilikuwa pana, liking'aa ukingo hadi ukingo.

Siku moja mtumbwi uliojaa wageni ulikwama katikati ya bwawa. Mgeni mmoja akaruka majini ili ausukume. Maji yakamfika magotini. Watu wote ukingoni wakacheka na kupiga makofi. Ndahani hakucheka. Mkewe, Matika, alipomtazama usoni, naye akaacha kucheka.

"Baba Chiku," akamwambia, "hayo ndiyo maji ya kutufikisha masika?"

Tangu siku hiyo chakula kilimshinda. Alitamani kupiga ngoma, akaogopa kuulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo. Akakaa kimya, na jua likawaka. Maji yakarudi nyuma, yakarudi nyuma, mpaka ng'ombe wakaanza kunasa kwenye tope wakitafuta pa kunywa. Wageni hawakuonekana tena.

Ndipo alipopiga ngoma. Watu wakaja, wengine wakimlaani mbele ya watoto wake, naye akainamisha kichwa na kuchimba pamoja nao. Matika alibeba karai mpaka shingo ikakakamaa. Hawakuwa wamefika hata robo ya kazi pale mawingu meusi yalipopanda kutoka mlimani. Mvua waliyoililia mwaka mzima ilikuwa inakuja, nao wakaiogopa kama adui. Wakazidi kuchimba huku wakitazama juu.

Ndugu zangu, ninyi mnaoomba mvua usiku na mchana: mkipewa leo, mtaiweka wapi?