Kiti cha Mbele cha Kagari ka Baba

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi kusemezana na sungura, ila zamani hii ambayo walioiona bado wana meno kinywani, palikuwa na mzee mmoja kwenye miteremko ya Rungwe. Jina lake Ambilikile. Alikuwa mpima majani katika kiwanda cha chai, na Mungu alimjalia mke, watoto watatu, na gari moja dogo jeupe.

Gari lenyewe lilikuwa la oto. Siku hizo magari ya oto yalikuwa ya kuhesabika huko, na watu walimcheka. "Gari gani halina klachi? Hilo ni la wagonjwa!"

Mzee akajibu, "Mzima na atembee kwa miguu."

Watoto wake walikuwa Asajile, kifungua mimba. Bupe, binti wa katikati. Na Gwakisa, kitinda mimba. Hadithi hii aliishika zaidi Bupe, maana yeye ndiye aliyekuwa na tabia ya kunyamaza na kuangalia.

Kanisa lao lilikuwa juu ya kilima, na njia yake ilikuwa kali, kona juu ya kona. Kila Jumapili walijipanga hivi: Mama kiti cha nyuma na watoto wake wote watatu, wamebanana kama maharage kwenye ganda. Kiti cha mbele kitupu. Baba anashika ufunguo lakini hawashi. Anageuka nyuma, anasema:

"Kagari haka hakapandi mlima na dhambi iliyofichwa. Haya, semeni."

Hapo ndipo watoto walipoanza kutubu. Asajile: ameiba sukari. Bupe: amemsingizia paka. Baba anasikiliza mpaka mwisho, kisha anamwita mmoja, "Wewe, njoo mbele." Aliyeitwa anapita katikati ya viti huku magoti yakimgonga Mama, anaketi mbele, na dunia yote inakuwa yake: mashamba ya chai kama mkeka, ukungu bondeni, na mkono wa Baba karibu kabisa, unanukia sabuni ya mche. Na lililotubiwa garini halikuchapiwa mtu nyumbani. Hiyo ilikuwa sheria.

Basi ikawa mashindano ya dhambi. Jumapili moja Gwakisa alipayuka, "Baba, nimemuua jogoo wa Mchungaji!" Akaitwa mbele. Walipopita nyumba ya Mchungaji, jogoo yuko juu ya ukuta, anawika. Baba alicheka mpaka akasimamisha gari. Jumapili iliyofuata Gwakisa alitubu dhambi ya kusingizia dhambi, na akaitwa mbele tena.

Lakini jambo moja Baba hakulisema. Alikuwa anachaguaje? Mara alimwita aliyetangulia kusema, mara mwenye dhambi nzito, mara mwenye machozi. Walipomuuliza alisema, "Kagari kenyewe kanajua."

Miaka ikaenda. Watoto wakaoa, wakaolewa, wakatawanyika Mbeya na Makambako. Mzee Ambilikile akalala usingizi wa haki, akazikwa kule juu, nyuma ya kanisa. Gari likabaki chini ya kibanda, kuku wakitagia chini yake.

Mwaka ulipozunguka, ikapangwa Jumapili ya kubariki jiwe la kaburi. Watoto wote wakarudi nyumbani. Mama Asajile, magoti yamekwisha kumkana, akawaambia, "Siku ile nilipanda kilima kwa miguu nyuma ya jeneza lake. Siku ya jiwe nitapanda nimeketi, ndani ya gari lake. Na asiniletee mtu teksi."

Asajile akaliwasha gari, likawaka. Akalipeleka mpaka mwanzo wa mlima. Lo! Injini inanguruma kama simba, gari limesimama kama mbuzi aliyekataa kamba. Akarudi nalo kinyumenyume. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakinusa, akawaonyesha wadogo zake. Ile oili nyekundu, ambayo mafundi huiita haidroliki, ilikuwa nyeusi, inanuka kama uji ulioungulia.

"Oili imekufa," alisema. "Tuibadilishe hapa hapa uani. Labda gia zitakamata."

Jumamosi wakajigawia kazi. Asajile akalipandisha gari juu ya mbao, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akajiingiza chini na spana. Gwakisa akatumwa mjini kununua oili. Jina la oili inayotakiwa lilikuwa limechorwa kwenye kijiti chenyewe, akalinakili kiganjani kwa kalamu. Bupe akapewa beseni.

"Sikia, Bupe," Asajile alimwambia kutoka chini ya gari. "Haitoki yote, nyingine inabaki ndani. Kwa hiyo kiasi kilichotoka ndicho kitakachorudi. Beseni hilo usiliguse mpaka tupime."

"Nimesikia, kaka."

Nati ikafunguliwa, oili ikashuka, nzito, nyeusi. Bupe akalivuta beseni pembeni. Mara kifaranga kikatumbukia. Bupe akakiopoa, mama yake kifaranga anamrukia miguuni, na katika vurugu ile akakimbilia kuimwaga oili kwenye shimo la taka kabla vingine havijafuata. Aliposimama na beseni tupu ndipo alipokumbuka.

"Ilifika wapi?" Asajile akauliza.

Bupe akaweka kidole ubavuni mwa beseni, popote tu, kana kwamba alipima kabla ya kumwaga. "Hapa."

Gwakisa akarudi alasiri na makopo. Asajile akauliza, "Ni ile ile?"

"Ndiyo yenyewe, kaka."

Wakachomeka bomba la mpira kwenye tundu la kijiti, wakaweka faneli, wakamimina oili mpya ya kiasi kile kile kilichoonyeshwa na kidole cha Bupe. Wakawasha. Asajile akapitisha mkono wa gia kila mahali, taratibu, kwenda na kurudi. Gari likarudi nyuma, likaenda mbele. Mama akapiga vigelegele mlangoni. Ilitakiwa Asajile apime tena kwa kijiti, injini ikiwa imepata moto, lakini mvua ya Tukuyu haiagi wala haibishi hodi. Ikawafukuza wote ndani.

Jumapili asubuhi Mama akatoka na kitenge kipya na kilemba cheupe. Akaingia nyuma, mahali pake pa siku zote. Bupe akaingia nyuma. Gwakisa naye, na unene wake wote, akajisukuma nyuma.

"Mbele kuna nyoka?" Mama akauliza.

Asajile akashika usukani, na kiti kile kikabaki kitupu kando yake.

Kona ya kwanza gari likapanda. Kona ya pili likapanda, na Bupe akaona mashamba ya chai yale yale, moyo ukamjaa. Kona ya tatu injini ikalia, gari likapunguza, likasimama. Asajile akavuta breki ya mkono, Gwakisa akaruka na jiwe akalikinga gurudumu. Huko juu kengele ya kwanza ikalia.

Mama hakufoka. Alikitazama tu kile kiti. Akasema polepole, "Kagari haka..." Hakumalizia. Hapakuwa na haja.

Watu wazima wenye ndevu na watoto wao, wameinamisha vichwa kama siku ya sukari.

Asajile akaweka paji la uso kwenye usukani. "Mama, ni mimi. Baba alinipigia simu miaka ile akaniomba nije nimbadilishie oili ya gia. Nikamwambia gari la oto oili yake ni ya maisha, haibadilishwi. Nilijua si kweli. Nilikuwa naona uvivu wa safari tu. Kila Pasaka akanikumbusha, kila Pasaka nikamwambia hivyo hivyo. Aliniamini mpaka anakufa."

Bupe akaona zamu yake imefika. Akasema, "Na mimi nimedanganya jana. Oili niliimwaga kabla ya kupimwa. Pale nilipoweka kidole palikuwa pa kubuni. Niliogopa utaniita mzembe."

"Kumbe!" Asajile akainua kichwa. Akashuka, akafungua boneti injini ikiwa inaunguruma, akachomoa kijiti. Kimelowa nchani tu. "Imepungua! Gia zina kiu! Lakini makopo yote tuliyamaliza jana."

Ndipo Gwakisa, aliyekuwa bado ameshikilia jiwe la gurudumu, akaanza kulia, mtu wa mwili ule. "Jana nilikaa kutazama mpira. Nilipotoka, duka la ile oili limefungwa. Nikanunua ya aina nyingine, muuzaji akaniambia zote nyekundu, baba yao mmoja. Usiku sikulala. Leo kabla ya jua nimemgongea mwenye duka nyumbani kwake akanipa hii moja, ndiyo yenyewe hasa. Nimeificha kwenye buti la gari, chini ya shada la maua. Nilisema nitawaambia tukiwa tunatoka. Nikashindwa."

"Gwakisa wewe! Oili unaisafirisha na maua ya marehemu?"

"Nisamehe, kaka."

"Lete kopo, utasamehewa juu."

Wakamimina kidogo, wakapima. Wakamimina, wakapima. Asajile akapitisha tena mkono wa gia mahali pote. Akatia gia ya kwenda, akaachia breki kidogo, gari likasukuma mbele lenyewe, likitaka kupanda.

Bupe akapiga makofi. Lakini kaka yake hakucheka. "Msinielewe vibaya. Hizi gia zilishaungua zamani, na oili imechanganyika. Leo litapanda. Kesho simo. Hii ndiyo safari yake ya mwisho ya kanisani."

Basi wakajua kwamba atakayeketi mbele leo ndiye wa mwisho kuketi pale. Na Bupe akajua kitu kingine, ambacho hakukisema: atakayeketi pale atakuwa kama amesikia tena sauti ile, wewe, njoo mbele. Alikitaka kiti kile kama alivyokitaka akiwa na miaka saba.

Akajikuta anasema, "Mbele nakaa mimi."

"Kwa lipi?" Gwakisa akauliza, bado anapangusa machozi.

"Bila neno langu, kaka asingepima. Mngekuwa mnasukuma gari mpaka jioni. Mimi ndiye niliyeonyesha ugonjwa."

"Ugonjwa uliouleta wewe! Dawa nani kaleta? Na mimi toba yangu ilikuwa na miguu, dada. Nilishaamka, nilishamgongea mtu mlango, nilishalirekebisha kosa kabla ya kulisema. Ninyi mmetubu kwa mdomo mtupu."

Asajile akafuta mikono kwa kitambaa. "Usukani ashike yeyote kati yenu, nyote mnaendesha. Kiti ni changu. Nimetangulia kusema, na langu ndilo zito. Ninyi mnaweza kuombana msamaha hapa hapa. Mimi niliyemkosea yuko chini ya jiwe."

Wakamgeukia Mama awaamue. "Mama, wewe ulikuwepo siku zote. Baba alikuwa anachaguaje?"

Mama Asajile alikuwa anakifumua kilemba chake na kukifunga upya.

"Msiniulize mimi," alisema. "Miaka yote ile mliyokuwa mnasema, mmewahi kunisikia mimi nikisema?"

Wakatazamana. Kweli. Hawakuwahi.

"Nilijiambia kutubu garini ni mchezo wa watoto. Sasa sikilizeni. Mwaka wake wa mwisho gia zilikuwa zinateleza, na yeye alijua. Akaniambia, 'Mama Asajile, hili gari tuliache lipumzike, tutembee polepole, tutafika.' Nikakataa. Si magoti, magoti yalikuwa mazima wakati ule. Nilipenda wale wanawake wa kwaya wanione nikishuka. Nilipenda mlango ufunguliwe, nikanyage chini, nitengeneze kilemba, wananiangalia. Basi akalipandisha kila Jumapili, linaungua, naye ananyamaza kwa ajili yangu. Gari hili halikuuawa na oili peke yake."

Akakitazama kiti cha mbele. "Na sijawahi kukaa pale. Hata siku moja. Yeye aligeuka kila Jumapili, akatutazama sote, na mimi nilitazama dirishani."

Kutoka juu zikasikika tarumbeta zikijaribu wimbo, na kengele ya pili ikaanza kulia. Gwakisa akaondoa jiwe la gurudumu na mguu wa Asajile ukabaki juu ya breki. Bupe akashuka, akaufungua mlango wa mbele mpaka mwisho, akasimama pembeni akiuzuia ukungu usiingie, kana kwamba ukungu unazuilika. Kiti kilikuwa na kile kitambaa cha zamani cha kufuma, katikati pamebonyea.

Gari linaunguruma. Jiwe linasubiri maombi. Mwenye kuchagua hayupo, na alikotangulia haturudishiwi jibu.

Asajile alitangulia, na alimkosea aliyekufa. Neno la Bupe lilionyesha penye kiu. Gwakisa alitubu kwa mikono kabla ya mdomo. Mama alisema wa mwisho kabisa, baada ya miaka yote ile, na hakuombwa na mtu.

Basi ninyi mliosikia, amueni upesi kabla kengele haijanyamaza: ni nani aliyestahili kuambiwa, "Wewe, njoo mbele"?