Hodi ya Tatu Haina ya Nne

Hodi ya tatu haina ya nne. Hayo ndiyo aliyoyasema mama wa vitumbua asubuhi hii, akageuka na beseni lake kichwani, nanyi mmekaa humu sebuleni vichwa vimeinamia simu, hata mmoja hakumwambia karibu. Haya, leo tunakunywa chai kavu. Msininunie mimi! Na wewe Zaituni, hiyo simu uliyoilaza kifudifudi ikilia usidhani sikuiona. Tutafika huko.

Mnauliza msemo huo umetoka wapi. Mnadhani methali zote tuliachiwa na mababu wa mababu, watu ambao hata makaburi yao hayajulikani. Hii si ya kale hivyo. Imezaliwa hapa hapa Tanga, mtaa wa pili kutoka huu wetu, na baadhi ya waliokuwapo bado wanakunywa kahawa pale kona. Ilianza hivi.

Palikuwa na kijana akiitwa Mbaruku, akiishi na shangazi yake, Bi Mwanamvua. Baba yake alifariki yeye bado anatambaa, mama akaolewa mbali, na shangazi ndiye aliyemlea kwa kuuza kashata na visheti. Bi Mwanamvua hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alikuwa na watu wawili tu duniani: huyo Mbaruku, na kaka yake, Mzee Kombo, aliyekwenda Kigoma ujanani kufanya kazi ya reli, akaoa huko, akazeekea huko.

Mbaruku alikuwa na kipaji. Kuna watu, wajukuu zangu, kazi yao ni kusanifu kile mnachokiona kwenye kioo cha simu: kitufe kikae wapi, kiwe kikubwa kiasi gani, kiandikwe neno gani, ili mtumiaji asihangaike. Kazi hiyo Mbaruku aliipenda kuliko wali wa nazi. Alipomaliza kidato cha sita, njia mbili zikamfungukia. Kulikuwa na kozi ya miezi minne Dar es Salaam, na kulikuwa na chuo kikuu, shahada ya miaka mitatu.

Hapo ndipo alipokwama. Kozi ni ya haraka, unafundishwa kwa vitendo, unatoka na kazi za kuwaonyesha waajiri. Lakini mwajiri akiuliza, digrii iko wapi? Chuoni unatoka na shahada yenye mhuri, umesoma mpaka jinsi akili ya binadamu inavyofikiri. Lakini miaka yote hiyo, ukitoka si utakuta simu zenyewe zimeshabadilika? Asubuhi Mbaruku ni mtu wa kozi, jioni ni mtu wa chuo. Aliuliza kijiwe kizima. Rafiki yake Shekiondo akachagua chuo, akaenda zake. Wazee wa kahawa wakamkumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi, naye akacheka, akarudi chumbani kwake kulinganisha upya. Muhula wa kwanza ukampita, na wa pili nao ukampita.

Sasa, Bi Mwanamvua alikuwa mtu wa adabu za kizamani. Tangu Mbaruku alipobaleghe, hakuwahi kuingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Nyumba ni yake, pazia kashona yeye, lakini atasimama nje ya pazia hilo mpaka aambiwe karibu. Asipoambiwa, haingii.

Siku moja akaja kusimama pale, mkononi ana simu ya kupangusa aliyoletewa na mpwa wake kutoka Kigoma.

"Hodi humo."

"Karibu, shangazi," alisema Mbaruku, macho hayakutoka kwenye kompyuta.

"Mwanangu, hiki kidude kimenishinda. Kaka yangu, baba yako mkubwa niseme, nataka sura yake ikae hapa, kubwa, nikiigusa tu aitike. Na yeye akipiga, niiguse tu nimsikie. Mimi herufi hizi naziona sisimizi."

Mbaruku aliitazama simu ile. Alijua inawezekana. Alijua hata ni kazi ya alasiri moja. Lakini hapo hapo akawaza jinsi inavyopaswa kutengenezwa na mtu aliyesomea, na aibu ya kufanya kazi kienyeji.

"Nitakutengenezea, shangazi. Ila ngoja kwanza nijue nasoma wapi. Nikishafundishwa, nitakufanyia kitu cha maana kweli. Kwa sasa lete nikupigie."

Akampigia, akabaki amesimama pale pale anamsubiri. Bi Mwanamvua alikuwa na maneno ya miaka na miaka kwa nduguye, mambo ya mama yao, ya nyumba yao ya utotoni, ugomvi mdogo wa zamani ambao hawakuwahi kuumaliza. Lakini nani atasema hayo kijana amemsimamia kichwani akitikisa mguu? Akasema tu, "Hujambo, kaka? Haya, alhamdulillahi. Wasalimie," akarudisha simu.

Mvua za masika zilipokatika, habari zikaja kwamba Mzee Kombo hajisikii vizuri. Kifua. Kusafiri hawezi, na kutoka Tanga mpaka mwisho wa reli si safari ya mama mwenye magoti mabovu. Bi Mwanamvua akasimama tena nje ya pazia.

"Hodi."

"Karibu. Nini tena, shangazi?"

Hilo "nini tena" alikuja kulikumbuka baadaye, likamchoma.

"Kaka huwa macho baada ya swala ya alfajiri. Saa ile wewe umelala, sitaki kukuamsha. Ile sura yake, mwanangu, umefikia wapi?"

"Shangazi, si nilikuambia bado sijaamua? Nikienda kozi watasema sina digrii, nikienda chuo nitazeekea darasani. Kichwa kimenijaa!"

"Lo!" Bi Mwanamvua alicheka kidogo, kicheko cha kuficha unyonge. "Mimi sikukuuliza unasoma wapi, Mbaruku. Nimekuuliza sura ya kaka yangu."

"Nitakuwekea. Subiri tu."

Akasubiri. Angefanyaje?

Ikaja asubuhi moja, hapa Tanga jua limeshachomoza, Kigoma bado ni alfajiri, siku ya mwisho ya kupokea maombi ya kozi. Mbaruku alikuwa ameamka na moyo wa kozi, amekaa anajaza maombi, huku moyo mwingine unamwambia afute kila kitu asubiri chuo. Uani, simu ya Bi Mwanamvua ikalia. Alijua ni kaka yake, maana hakuna mwingine aliyekuwa akimpigia saa ile. Akalibonyeza lile duara la kijani kama mtu anavyobonyeza kengele ya mlango. Halikuitika. Akalibonyeza tena kwa nguvu. Kumbe lilitaka kuvutwa juu, na yeye nani alimwambia? Simu ikaendelea kulia mkononi mwake, naye akakimbia nayo, kwa magoti yale yale, mpaka nje ya pazia.

"Hodi!"

Mbaruku alimsikia. Aliona na miguu yake chini ya pazia, kanga imelowa maji ya kufulia. Alisikia na simu inalia. Akajisemea, nikiitika tu, ni mambo ya ile sura, na hapa nimebakiza ukurasa mmoja.

"Hodi, mwanangu!"

Mbaruku akaandika jina la shule yake.

"Hodi..."

Simu ikanyamaza. Miguu ikabaki pale kitambo kidogo, halafu ikaondoka taratibu kuelekea uani.

Mchana huo huo akapiga binti wa Mzee Kombo kutoka Kigoma, akapiga kwenye simu ya Mbaruku. Alisema baba ametangulia mbele ya haki. Alisema asubuhi aliomba aletewe simu, akampigia dada yake kwa mkono wake mwenyewe, akisema ana neno moja la kumwambia. Ilipokatika, wakamshauri apige tena. Akasema basi, labda dada yupo kwenye swala, akafumba macho.

Ee Mola, lile neno! Hakuna anayelijua mpaka leo.

Mzee Kombo akazikwa Kigoma, na matanga ya Tanga yakawekwa uani kwa Bi Mwanamvua, majamvi mpaka barazani. Katikati ya watu wale Mbaruku akajifungia chumbani, akaifanya ile kazi. Aliifanya vizuri, nisiseme uongo. Sura ya mzee ilijaa kioo kizima, na kofia yake ya vito ya kudariziwa, hakuna herufi hata moja, mguso mmoja tu. Jua lilikuwa halijashuka alipomaliza. Akaenda kwenye mlango wa shangazi yake, na safari hii akabisha yeye.

"Hodi."

"Karibu, baba. Karibu."

Akampa simu. Bi Mwanamvua akaitazama sana. Akapitisha kidole chake juu ya kofia ile, polepole, asije akaigusa vibaya.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki. Sasa nikiigusa, ataitika nani?"

Mbaruku akaanguka magotini, akalia mpaka wanawake wa matangani wakasogea mlangoni. Alipopata sauti akauliza, "Shangazi, kwa nini hukufunua pazia? Nyumba yako! Kwa nini hukuita tena, hata mara moja?"

Wajukuu zangu, Bi Mwanamvua hakukasirika. Kama angemkaripia ingekuwa nafuu. Alimjibu kama anamfundisha mtoto mdogo adabu.

"Nilipiga hodi tatu, mwanangu. Hodi ya tatu haina ya nne. Mtu asipokaribishwa, huondoka. Ndivyo tulivyolelewa, mimi na kaka yangu."

Wanawake waliokuwa pale ndio waliolitoa neno hilo nje, likaenda kisimani, likaenda sokoni, likakaa vinywani mwa watu.

Na yale maombi? Yalikubaliwa. Mbaruku akaenda Dar es Salaam, akakaa kwenye kiti darasani siku ya kwanza, na mwalimu akawaambia hivi: "Leo hatugusi kompyuta. Nendeni mkamtafute mtu mmoja anayehangaika na simu yake. Mkae naye, mumsikilize." Wenzake wakatoka mbio. Yeye hakuweza kunyanyuka. Jioni akampigia Shekiondo kule chuo kikuu, akamuuliza wao somo la kwanza lilikuwa nini. Shekiondo akamjibu, "Tulitumwa kukaa na mtu anayehangaika na simu. Kwani vipi?"

Leo Mbaruku anavyo vyote viwili. Kozi alimaliza, na shahada akaisoma baadaye, na kazi anayo nzuri. Vijana wa mtaa wakimuuliza lipi bora, kozi au chuo, huwajibu kwamba yote ni mema, mtu achague moja aende. Halafu huwauliza nani anawaita nyumbani. Akija Tanga analala chumba kile kile, lakini mlango hauna pazia, alilitoa mwenyewe. Bi Mwanamvua yu hai, na sura ya kakaye bado imejaa kioo. Haigusi. Akitaka kumpigia mtu, huazima simu kwa jirani.

Basi ndiyo maana yake. Anayekuhitaji atakuita, na akikosa jibu ataita tena, lakini hata mapenzi yana adabu yake na mwisho wake. Wewe, Zaituni, usijifanye unafuta kamasi. Hiyo simu uliyoilaza kifudifudi ni mama yako, amepiga tangu hatujakaa, na sasa hivi nikisimulia imewaka tena. Hizo ni mbili. Igeuze, mwanangu, umpigie. Hodi ya tatu haina ya nne.