Ng'ombe wa Mjane Katika Boma la Jirani

Kulikuwa na mjane mmoja, ndugu zangu, huko kwa wafugaji. Mumewe alimwachia ng'ombe wanne, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumchungia, aliwalaza kwenye boma la jirani, rafiki wa marehemu. Nyinyi mnaofuga mnajua, si jambo geni. Kila alfajiri alikwenda na kibuyu chake, akakamua, akarudi. Miaka sita hakuna aliyeuliza ng'ombe wale ni wa nani, maana kijiji kizima kilijua.

Ikaja korona. Minada ikafungwa, ng'ombe hana mnunuzi, mjane akawa anapika uji mara moja kwa siku. Serikali ikatangaza kwamba kila mfugaji atapewa pesa za kujikimu, kulingana na idadi ya ng'ombe wake. Maofisa wakapita boma kwa boma asubuhi, wakihesabu ng'ombe wanapotoka, na jina waliloandika ni la yule aliyefungua lango.

Mjane alikuwa amesimama palepale na kibuyu. Aliwaona ng'ombe wake wanne wakitoka, wakihesabiwa. Akafungua kinywa, akakifunga. Kwani mwanamke mwenye adabu anaanzaje kunyoosha kidole mbele ya wageni, aseme huyu wangu na yule wangu, ndani ya boma la mtu aliyemsitiri miaka yote hiyo? Ingekuwa kumtukana. Akangoja waondoke.

"Shemeji," akasema kwa upole, "na wale wangu?"

"Shemeji nawe. Hawa wanaandika boma, hawaandiki mtu. Pesa zikija tutagawana."

Zikaja. Mjane akangoja wiki, akangoja mwezi. Siku aliyokwenda kuuliza, hakupewa hata kiti.

"Karatasi ya serikali inasema ng'ombe wote wa boma hili ni wangu," jirani akamwambia. "Wewe una karatasi gani?"

Mnasikia? Alikwenda kuulizia msaada, akarudi hana hata ng'ombe. Kesho yake alikuta lango limefungwa kwa ndani, na kibuyu kikarudi kitupu.

Alilia sana. Lakini mashahidi si wapo? Akawaendea wazee watano wa kanisa lake, waliokuwapo siku alipowakabidhi ng'ombe wale kwa jirani. Wa kwanza akasema, "Mama, mambo ya zamani hayo." Mwingine kichwa kilikuwa kinamuuma. Mwingine alijificha chumbani, mkewe akasema amesafiri. Hakuna aliyesimama naye.

Kwa nini? Pesa zilipoingia tu, jirani alinunua mahindi, akampelekea kila mzee gunia moja. Hakuwaomba kitu. Alisema, "Njaa hii, tusaidiane."

Naona mnatikisa vichwa. Mnamchukia yule jirani, hata mimi namchukia. Huyo mwachieni Mungu. Mimi nawauliza habari za wale watano, kwa sababu humu kanisani wenye maboma ni wachache, ila waliokula mahindi ni sisi sote. Nani kati yetu hamjui mjane wake? Nani hajawahi kusema mambo ya zamani hayo? Tulimwomba Mungu atuondolee njaa, gunia likafika mlangoni, tukasonga ugali, tukafumba macho kukiombea chakula.

Mjane yupo. Amekaa benchi la nyuma, anaitikia Amina pamoja nasi, na bado anangoja mmoja wetu asimame.