Kompyuta Iliyorudi Bila Kwenda

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti? Mmekula au hamjala? Paukwa, nasema!

PAKAWA!

Haya, sasa mmeamka. Hadithi ya leo si ya kuchekea sana. Na wewe uliyeficha simu chini ya kanga, izime, maana hii inakuhusu. Nikisema "duara", mniitikie "lazunguka". Wakubwa pia. Duara!

Lazunguka!

Hapo zamani za kale, wanyama wana kompyuta na binadamu bado anahesabu kwa vidole, palikuwa na mto. Juu ya mto palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa la Tembo. Lilikuwa na milango ya chuma. Milango ikifungwa, mto hutambaa. Milango ikifunguliwa, mto hukimbia, hula ukingo, hula miti, hula kila kilicholala njiani.

Tembo alikuwa mstaarabu. Kila alfajiri aliandika kwenye ukurasa wa bwawa, huko mtandaoni. Kwanza salamu, kisha habari za siku, kisha habari ya milango. Wanyama wa chini wakafungua ukurasa, wakasoma, wakajua la kufanya.

Katikati ya mto palikuwa na kisiwa cha mchanga. Hapo Bi Ngiri alichimba shimo, na ndani ya shimo akawalaza wanawe wanne. Kitinda mimba wao aliitwa Sikitu. Mtaniuliza, mama gani huyu analaza watoto katikati ya mto? Mama mwenye akili. Ng'ambo, kwenye nyasi, alikuwapo Chui, na Chui yule alichukia kulowa kuliko kitu chochote duniani. Maji yakitulia, kisiwani ni salama na ng'ambo ni kifo. Milango ikifunguliwa, kisiwani ni kifo. Basi Bi Ngiri hakuweza kuwatoa watoto kwa wasiwasi tu, wala kuwaacha kwa matumaini tu. Ilimbidi ajue, tena ajue kweli, kila siku.

Siku moja mawingu yakaja. Yakakaa. Sola juu ya paa la chumba cha kompyuta cha kijiji ikawa haipati kitu. Betri ikashuka, ikashuka, mpaka ikabaki ya kuendesha kompyuta moja tu. Na chumbani zilikuwamo tatu, kila moja na mwenyewe, kila moja na mfumo wake.

Nyati, mwenyekiti wa kijiji, akasema, "Tutabaki na moja. Itakayobaki ni yenye kasi. Tuzishindanishe!"

"Tuzishindanishe!" wakaitika wote.

Wote isipokuwa Bi Ngiri. "Mwenyekiti," akasema, "usiku kucha nimeona radi ikimulika milimani. Mimi nataka habari ya milango tu. Shindano lenu lije baadaye."

"Utaipata humo humo, Bi Ngiri. Kila kompyuta itafungua ukurasa wa bwawa. Utausoma mara tatu badala ya moja. Unataka nini zaidi?"

Bi Ngiri akanyamaza. Alinyamaza kwa heshima, na heshima nyingine bwana, hasara tupu.

Akaanza Komba, yule mwenye macho kama vikombe. Kompyuta yake ilikuwa pana kama sinia la pilau, na mfumo wake ulikuwa wa mapambo. Akabonyeza. Tiii! Yakaja maua, ukaja muziki, yakaja maua mengine. Kisha ikaandika: Subiri, ninajisasisha, usinizime.

"Inafanya nini?" akauliza Nyati.

"Inajisasisha."

"Itamaliza lini?"

"Ikimaliza itasema."

Ikajizima. Ikajiwasha. Ikajizima tena. Ikaandika: Bado kidogo. Nyati akachomoa waya, Komba akaenda kukaa pembeni na macho yake.

Akaja Mhanga, yule mchimba mashimo mwenye pua ndefu. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, vitufe vimefutika herufi, feni yake ikikoroma: kru, kru, kru. Mfumo wake ulikuwa mdogo, hauweki kitu. Kila ukiuomba ukurasa, unatoka, unakwenda mpaka bwawani, unauchukua, unarudi nao. Mhanga akabonyeza. Kioo kikawa cheupe. Katikati likatokea duara.

Duara!

Lazunguka!

Duara!

Lazunguka!

"Imekufa?" akauliza mmoja.

"Haijakufa," akasema Mhanga. "Imekwenda. Haijarudi."

"Imekwenda kwa miguu?" Wakacheka mpaka chumba kikatikisika. Bi Ngiri hakucheka. Alikuwa ameliangalia duara lile bila kupepesa, na kwato zake zilikuwa zinagonga sakafu, ta, ta, ta.

"Inamaliza betri hiyo," akasema Nyati. "Zima."

"Mwenyekiti, ngoja kido..."

Pap! Ikazimwa.

Akasimama Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Hata akienda kuchota maji anapenda atazamwe. Kompyuta yake ilikuwa nyembamba, inang'aa, huwezi kuigusa bila kunawa. Akajinyoosha, akasema, "Hesabuni."

Hawakuwahi kuhesabu. Pwa! Ukurasa huo hapo.

Ukasomeka hivi: "Habari za asubuhi, majirani. Leo ni siku ya gulio, njooni na chumvi. Maji yametulia. Milango imefungwa."

Weee! Chumba kikalipuka. Vigelegele, makofi, miluzi.

"Tena!" wakasema. Nguchiro akaufunga, akabonyeza. Pwa!

"Tena!" Pwa!

"Inazidi kuwa na kasi!" Wakambeba Nguchiro juu juu. Wakamzungusha chumbani, wakamtoa uani, wakamrudisha. Nyati mwenyewe akacheza, na mnajua Nyati akicheza si mchezo wa mara moja. Asubuhi ikapita hivyo. Nje ngurumo zikaanza kusikika, za mbali, wakadhani ni vishindo vyao wenyewe.

Bi Ngiri alipumua. Milango imefungwa, akasema moyoni, wanangu wamelala salama. Akatoka aende kuchimba mizizi ya chakula cha mchana. Akafika mlangoni. Miguu ikagoma.

Akageuka. "Mwenyekiti, gulio lilikuwa lini?"

"Jana," akasema Nyati, akihema kwa ngoma. "Si tulipishana nikitoka kununua chumvi?"

"Basi mbona pale pameandikwa leo?"

Makofi yakapungua. Wakatazama kioo. Kweli, pameandikwa leo.

"Tembo amekosea," akasema Nguchiro upesi. "Mzee yule. Anasahau."

"Tembo hasahau," akasema Bi Ngiri. "Nguchiro, ndugu yangu, nikuulize. Kompyuta yako imekwenda bwawani saa ngapi?"

"Iende ya nini? Jana niliufungua ukurasa huu, ikautia kibindoni. Leo nimeuomba, imeutoa. Huo ndio ujanja wa mfumo wangu. Hiyo ndiyo kasi yenyewe."

"Kwa hiyo haya ni maji ya jana."

"Maji ya jana na maji ya leo yana tofauti gani?"

Bi Ngiri akamsogelea. "Iambie iende, Nguchiro. Nakuomba. Iambie iende sasa hivi."

Nguchiro akainamisha kichwa. "Nikiiambia iende itachelewa," akasema. "Nitakuwa nimeshindwa."

Jamani! Jamani! Watoto wa mwenzake wako katikati ya mto, naye anaona haya kushindwa! Kila nikifika hapa hasira hunipanda upya, mnisamehe.

Bi Ngiri hakuomba mara ya pili. Aliushika waya kwa meno, akauvuta, kompyuta inayong'aa ikazimika. Akauchomeka kwenye ile kuukuu. "Bonyeza, Mhanga," akasema Bi Ngiri.

Mhanga akabonyeza. Kru, kru, kru. Taa ya betri ilikuwa nyekundu.

Duara!

Lazunguka!

Hakuna aliyecheka. Mstari wa kwanza ukatokea: "Habari za asubuhi, majirani."

Duara!

Lazunguka!

"Milimani mvua imenyesha usiku kucha."

Bi Ngiri akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Taa nyekundu ikaanza kupepesa.

Duara!

Lazunguka!

"Bwawa limejaa pomoni."

Duara!

Lazunguka!

Duara! Itikieni, mbona mmenyamaza? Duara!

Lazunguka!

"Leo saa sita mchana nitafungua milango yote. Aliye mtoni atoke."

Pap! Betri ikaisha. Giza.

"Sasa hivi ni saa ngapi?" akauliza Nyati. Jua hakuna, kivuli hakuna, nani ajue? Sauti ikatoka pembeni, sauti nyembamba ya Komba: "Saa ilikuwa imeandikwa juu ya kioo. Nimeiona. Saa sita kasoro dakika tano."

Bi Ngiri hakuwapo tena. Alikuwa keshatoka.

Mbio! Puku, puku, puku! Mkia juu, miiba haoni, matope haoni. Nyuma yake Nyati, nyuma ya Nyati kijiji kizima. Wakafika ukingoni. Chui alikuwapo, amelala kwenye nyasi. Aliona pembe za Nyati, aliona wingi wa wanyama, akanywea, akaondoka zake bila neno. Mto ulikuwa bado umetulia, maji ya magotini.

Bi Ngiri akajitosa. Nyati akajitosa, akasimama katikati ya mkondo kama ukuta. "Wanangu! Tokeni! Tokeni upesi!"

Akatoka wa kwanza, akaruka mgongoni kwa Nyati. Akatoka wa pili. Akatoka wa tatu, anafikicha macho. Kisha juu ya mto, kwenye kona, ikasikika: nguuuuu.

"Sikitu!" akaita Bi Ngiri.

Hakutoka.

"Sikitu! Mwanangu!"

Mtoto alikuwa ndani kabisa, usingizini, kama wanavyolala watoto walioshiba. Bi Ngiri akatia kichwa shimoni. Akamsikia akiguna, ule mguno wa mtoto anayeamshwa hataki. Akapeleka pua, akamgusa sikio. Akafungua mdomo amshike.

Maji yakafika.

Yalikuja mekundu, yamebeba magogo. Vuuuu! Kisiwa kikatoweka. Nyati alizama mpaka shingoni na watoto watatu wakimng'ang'ania pembe. Akamwona Bi Ngiri akipita, akampiga kichwa, akamsukumia ukingoni. Wakavutwa wote na wenzao. Wakalazwa kwenye nyasi. Bi Ngiri akatapika maji, akainuka, akawatazama wanawe. Mmoja, wawili, watatu. Akaugeukia mto.

Mto ulikuwa unapita tu.

Watatu walijibanza miguuni pake, naye aliwalamba bila kuwatazama. Kijiji kizima kilisimama nyuma yake. Nguchiro alikuwamo, amejificha nyuma ya Mhanga. Walimngojea apige kelele, amtukane mtu, amrukie Nguchiro. Hakufanya hata kimoja. Aligeuka taratibu, akawauliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Mara ya kwanza mlibonyeza ili tusome. Nimeelewa. Ile mara ya pili mlibonyeza ya nini? Na ya tatu?"

Nyati akatazama chini. Komba akafumba macho yake makubwa. Mpaka leo hakuna aliyejibu.

Nasi tuliokaa hapa tujifunze, wakubwa kwa wadogo. Anayekuletea habari upesi, kabla hujampigia makofi, muulize kama amekwenda kuitafuta. Aliyekwenda akachelewa bado amekwenda. Asiyekwenda hana kasi yoyote, ana maneno ya jana tu mkononi. Na roho ya mtoto haiokolewi na maneno ya jana.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa mto, na Bi Ngiri bado anangoja jibu.