Mluzi wa Mlimani

Dereva yule hakuwa mtu wa kutulia. Akiketi kula, goti lilimtikisika chini ya meza. Akingoja kupakiwa mzigo, alilizunguka lori lake kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kilichomkera zaidi ni mlima. Kwa miaka minne lori lake lilipanda barabara ile likikohoa, huku madereva wenzake wakimpita na kumpungia mkono. Dharau hiyo ilimkaa rohoni kama mwiba.

Kaka yake, fundi wa dizeli, ndiye aliyeifunga injini ile kwa mikono yake. Alikataa katakata kuigusa tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa.

"Kaka, kaza skrubu kidogo tu. Presha ikipanda, nguvu inapanda."

"Na joto je?" fundi alimuuliza huku akijifuta grisi. "Hewa ukiishindilia inachemka. Ukiongeza na dizeli, umeongeza moto. Injini ina kipimo chake, mdogo wangu, kama tumbo. Ingawa lako sijawahi kuliona likijaa."

Dereva alicheka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Juma lile lile alimpata fundi wa kando ya barabara, akamkazia skrubu bila swali. Lori likageuka chui. Tabo ilipiga mluzi uliosikika kabla lori halijaonekana, na wenzake wakambandika jina: Mluzi. Kichwa kikamvimba. Ni kweli kwamba kila alipopanda mlima mshale wa geji ya joto ulikaribia alama nyekundu, na moshi mweusi ulimfuata nyuma kama mkia. Aliiziba geji kwa kipande cha karatasi ili isimtie wasiwasi. Hata hivyo, macho yake hayakukoma kuitazama karatasi.

Mama yao alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ikatangazwa kwamba madaktari wa macho wangefika mji wa ng'ambo ya mlima kwa siku moja tu, na majina yangeandikwa hadi saa sita mchana.

"Nitapanda basi la alfajiri," mama alisema.

"Basi la nini, mama, na mimi nipo? Saa nne utakuwa umeketi mbele ya daktari."

Waliondoka asubuhi, lori limesheheni saruji. Mlimani Mluzi aliyapita malori matatu, honi juu.

"Mwanangu, mbona inalia hivi?"

"Inaimba, mama."

Hawakufika kona iliyofuata. Kitu kililia paa! Moshi wa buluu ukafunika barabara, na injini ikaanza kunguruma yenyewe ingawa mguu wake haukuwa tena kwenye mafuta. Tabo ilikuwa imepasuka, na injini ilikuwa ikinywa oili yake yenyewe.

"Zima!" mama alipiga kelele, mikono ikiupapasa mlango asiouona.

"Nimezima, mama! Haizimiki!"

Ngurumo ilizidi kupanda. Alitia gia kubwa kabisa, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, akaachia klachi ili kuilazimisha injini isimame. Lori lilitikisika kama lenye degedege, likanyamaza. Akashuka kuweka mawe kwenye magurudumu.

Zilipita saa tatu nzima kabla ya gari dogo kusimama na kumchukua mama. Mluzi alibaki akitembea mbele na nyuma ya lori, akitazama saa kila baada ya hatua chache. Mama alifika saa saba. Orodha ilikuwa imefungwa; aliambiwa arudi baada ya miezi sita.

Kesho yake lori lilikokotwa hadi nyumbani, na kaka mtu akaifungua injini uani. Pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka kama mshumaa. Mluzi alisubiri matusi, lakini kaka yake aliziweka tu juu ya gunia, akaingia ndani kunawa.

Mama alitoka akipapasa ukuta. "Miezi sita si mingi, mwanangu," alisema, akakosa ngazi. Mluzi aliruka akamdaka, akamshika mkono, akamshusha hatua kwa hatua, machozi yakimlengalenga. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kwenda popote, kwani alikuwa ameyaona kwa macho yake: ngoma ikivuma sana, hupasuka.